Kisima cha Chechelesi na Ibara ya Nne

Chechelesi, Isiolo
9 Februari 2025

Kwa Mwalimu Karwitha,

Habari ya Kipsing, habari ya watoto wa shule, habari ya jua la huko. Sisi tuko, Mungu ametuweka. Salamu zimeisha. Sasa wacha niseme kilicho kwa roho kabla nipasuke.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure, mpaka upande kile kilima chenu, na hii maneno si ya kuongea na mtu anayehema. Halkano anakuja huko na lori kuchukua mbuzi. Ameapa ataweka barua kwa mkono wako mwenyewe. Nimemwambia akiipoteza, chai ya mkopo kwa kibanda yangu imeisha.

Mwalimu, wewe ndiye uliandika katiba ya Kikundi cha Maji Jasho Letu ukiwa katibu wetu. Wewe uliandika, sisi tukachimba mtaro wa bomba, mimi na marehemu mume wangu Lokaale tukiwa upande wa mawe ambao wengine walikimbia. Sasa tangu uhamishwe, Mwenyekiti Marete na kamati yake wanafanya kisima ni kama boma lao. Jana wamebandika tangazo kwa mlango wa kioski cha maji. Nimelinakili neno kwa neno:

"Mkutano Mkuu Maalum, tarehe nane Machi. Wanachama watapiga kura kwa swali lifuatalo: Je, unakubali Marekebisho ya Katiba ya Kikundi pamoja na Mkopo wa kununua pampu ya sola na tangi jipya? NDIYO au LA."

Swali moja! Pampu naitaka sana. Hii ya dizeli inakohoa kama mzee wa tumbaku, na ikilala tunanunua maji ya mkokoteni kwa bei ya kukufuru. Lakini hayo marekebisho ni gani? Nilienda kumuuliza Marete pale kwa duka lake, mbele ya watu. Unajua alinijibu nini? "Mama Nakolong, hayo ni mambo ya kitaalamu. Wewe niambie tu, unataka maji ama hutaki maji?" Wanaume waliokaa pale wakacheka.

Ai! Mimi mtu mzima nimezika mume, nimelipa ada kila mwezi, naulizwa kama nataka maji? Nani hataki maji Isiolo? Hiyo ni kuuziwa mbuzi kwa gunia. Unaambiwa, mama, mbuzi mzuri huyu, na ukitaka kufungua gunia unaulizwa kama hupendi nyama.

Kinoti, katibu mpya, nimemsumbua mpaka akanipa hayo marekebisho nitoe fotokopi. Nimeweka ndani ya barua. Nimeyasoma mara mbili na kila sentensi inazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Nisomee, uniambie. Je, mtu anaweza kuulizwa mambo mawili akapewa jibu moja? Na nikisema La kwa hayo maneno ya katiba, nimekataa pampu?

Nijibu haraka, Halkano akirudi.

Ni mimi,
Margaret Nakolong

*

Shule ya Msingi, Kipsing
14 Februari 2025

Mpendwa Nakolong,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya mbuzi na hasira. Nimeisoma mbele ya gredi ya sita wakifanya mtihani, nikacheka peke yangu mpaka wakadhani nimechanganyikiwa. Duka lote la Marete lilikusikia, najua.

Sasa tulia nikueleze. Mambo haya ni mawili, kama ulivyosema. La kwanza ni mkopo. Shirika la Nairobi litatoa pesa za pampu, na kikundi kitaweka dhamana. Dhamana ni kile kitu ambacho mkishindwa kulipa kinaondoka. Hapa wameandika kwamba dhamana ni pampu yenyewe na tangi, si ardhi ya kisima. Hilo ni jambo jema, mimi ningelikubali. Kulingana na katiba, mkopo unahitaji nusu ya kura na moja zaidi.

La pili ni marekebisho ya katiba, na hayo yanahitaji theluthi mbili, tena kwa kura ya siri. Tuliandika hivyo kwa sababu wazee walikuwa bado wanakumbuka uchaguzi wa mlolongo, ambapo mtu alipanga foleni nyuma ya mgombea na jirani yake akimwona. Marekebisho mengi ni madogo: mikutano, muhuri, akaunti. Kubwa ni Ibara ya Nne. Ya zamani ilisema mwanachama ni mtu mzima yeyote anayeishi Chechelesi na aliyechangia kazi au ada. Mpya inasema mwanachama ni mwenye ploti iliyosajiliwa, na kila ploti ina kura moja.

Usishtuke. Mkopeshaji anataka mtu atakayempata kesho. Wapangaji huhamahama, leo Chechelesi, kesho Bulla Pesa. Kwako wewe halina neno, ploti ya marehemu Lokaale iko palepale. Wiki iliyopita Marete aliniandikia kuniomba maoni kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika ile ya kwanza, nami nimemjibu kwamba mapendekezo ni mazuri na yanafaa kuungwa mkono.

Kuyaweka yote kwenye swali moja si vizuri, nakubali. Lakini si kila kosa ni njama, dada yangu. Hasira hasara.

Wako,
Karwitha

*

Chechelesi
20 Februari 2025

Mwalimu,

Sikusalimu. Nitakusalimu chini huko, kama kutabaki nafasi.

Sina ploti.

Umesoma? Rudia kusoma. Ploti ya marehemu Lokaale haiko palepale. Iko kwa mkono wa shemeji yangu Ekiru. Wewe ulikuwa umeshahamia Kipsing. Tulikuwa tumemzika Lokaale, nywele zangu za msiba nimenyoa juzi tu, hazijaota hata kidogo, Ekiru akaja na wazee wawili wa ukoo na karatasi. Wakasema kwa vile hatukupata mtoto, nyumba haina mwenyewe, inarudi kwa ndugu. Nilitoka na sufuria zangu na kitanda. Tangu siku hiyo ninalala kwa chumba cha kupanga nyuma ya kanisa, hapa hapa Chechelesi.

Sikukuambia kwa sababu uliniita "mwenye nyumba" kila siku ukinitania, na nilipenda hiyo jina. Niliona aibu. Sasa aibu imeisha, imeliwa na hasira.

Sikia hiyo Ibara yako mpya vile inafanya kazi. "Mwanachama ni mwenye ploti." Mwenye ploti ni nani? Ekiru! Alichukua nyumba, sasa katiba inampelekea na kisima juu ya sinia. Yeye hakuchimba hata futi moja ya ule mtaro. Siku za mawe alikuwa Nairobi anatembea na viatu vya kung'aa. Mimi nitakuwa mtu wa nje. Nitasimama mwisho wa laini na mitungi yangu mpaka wanachama washibe, halafu nilipe bei ya mkokoteni. Mimi! Kwa bomba ambalo kucha zangu ziling'oka chini yake! Bila maji ya kisima, kibanda changu cha chai kinafungwa kwa mwezi mmoja, na chumba pia nimeshindwa.

Halafu unasema "kila ploti ina kura moja." Marete ana ploti tano za kupangisha. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Piga.

Na hiyo ya wapangaji huhamahama, haki ya Mungu, hapo ndipo niliweka barua chini nikatoka nje nikapunga hewa. Wewe ukiwa katibu wetu ulikuwa umepanga kwa nani? Si ulikuwa kwa kile chumba cha Mbaabu chenye mlango wa bati? Mpangaji ndiye aliandika katiba yetu, na sasa mpangaji huyo huyo ameandika barua kusema wapangaji watoke.

Wewe ni msomi. Ulisoma kila mstari na hukumwona mtu hata mmoja.

Salamu.

Nakolong

*

Kipsing
25 Februari 2025

Nakolong,

Nilisoma barua yako jioni. Sina la kujitetea. Nilikuwa mpangaji, kwa Mbaabu, mlango wa bati. Nilisahau kwa sababu siku hizi naishi nyumba ya serikali. Ndivyo mtu anavyosahau, haraka hivyo.

Na nyumba ya Lokaale! Kufukuzwa kwenye nyumba yako na nywele za msiba hazijaota, na mimi huku nakuandikia eti ploti iko palepale. Nimekasirika. Nisamehe pale unapoweza, na usiponisamehe bado nitafanya hili.

Leo nimemwandikia Marete kwamba nafuta maoni yangu yote na asiyatumie popote. Barua hiyo anaipeleka Halkano pamoja na hii.

Wewe fanya hivi. Ibara ya Kumi na Mbili ya katiba inasema wanachama kumi wakidai kwa maandishi kabla ya mkutano, swali la kura lazima ligawanywe. Andika wewe mwenyewe. Usingoje mimi nikuandikie. Sisi wenye kuandika vizuri ndio tuliokufikisha hapa. Pitisha barua kwa wapangaji wenzako, kwa Bisharo wa nguo, kwa wale wa kuchoma makaa, wote watie sahihi. Mkipata kumi, mmemshika.

Na usikubali kura ya wazi. Chochote watakachosema, dai sanduku.

Karwitha

*

Chechelesi
1 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Maji Jasho Letu

Yahusu: Swali la kura la tarehe nane

Bwana Marete,

Mimi ni mwanachama wa kwanza kwanza wa hiki kikundi. Uliniuliza mbele ya watu kama nataka maji. Nakujibu kwa maandishi: nataka maji. Nataka pampu. Mkopo nitaupigia kura ya Ndiyo.

Lakini Ibara ya Nne mpya siitaki. Inatutoa sisi tunaopanga na inaacha wenye ploti, hata wale hawajawahi kushika jembe. Mambo ni mawili. Tunataka maswali mawili, na sanduku la kura ya siri, kama katiba inavyosema kwa Ibara ya Kumi na Mbili. Chini ni sahihi za wanachama kumi na saba. Wengine wameweka kidole, na kidole pia ni mtu.

Naomba unijibu kwa maandishi vile mimi nimekuandikia.

Margaret Nakolong
pamoja na Bisharo na wenzetu

*

KIKUNDI CHA MAJI JASHO LETU
Chechelesi, Isiolo
5 Machi 2025

Bi. Margaret Nakolong,

YAHUSU: OMBI LAKO LA TAREHE 1 MACHI

Rejelea barua yako iliyotajwa hapo juu.

Kamati imelipokea ombi lako kwa furaha na inathamini mchango wa akina mama katika maendeleo. Hata hivyo, maandalizi ya mkutano yamekwisha kufika mbali. Ikumbukwe pia kwamba mapendekezo haya yameungwa mkono na Mwalimu Karwitha, mwandishi wa katiba ya awali, ambaye barua yake ya pongezi tunayo ofisini.

Ombi lako litajadiliwa kwa kina baada ya mkutano. Tunakusihi ufike mapema. Kutakuwa na chakula.

Wako katika huduma ya maji,
J. Marete
Mwenyekiti

*

Chechelesi
10 Machi 2025

Mwalimu,

Tumepitishwa.

Usiniulize kura zilikuwa ngapi, kwa sababu hakuna kura. Wacha nikuambie pole pole, maana nikienda haraka nitalia, na nimekataa kulia kwa sababu ya Marete.

Barua yako ya kufuta ilifika. Halkano aliiweka kwa mkono wa Kinoti mwenyewe. Siku ya mkutano Marete akasoma ile ya kwanza, ile ya pongezi, kwa sauti ya kanisa. Nikasimama nikasema kuna ya pili. Kinoti akaangalia juu kama anatafuta mvua. Marete akasema, "Mama, tuheshimu utaratibu, kwanza tumtangulize Mungu." Watu wakaniambia kaa, Nakolong, kaa. Nikakaa.

Akamwita Mzee Lochoro abariki mkutano. Unamjua Mzee Lochoro. Macho yameisha lakini sauti bado inafika barabarani. Akasimama na fimbo yake akaanza kubariki kama kawaida yetu Waturkana. "Maji yawe mengi?" Sisi mikono juu, tunaitikia kwamba ni vema: "Ejok!" "Mifugo inywe?" "Ejok!" "Watoto wanywe?" "Ejok!" Basi Marete akamsogelea mzee akamnong'oneza kitu kwa sikio. Mzee akaendelea: "Hii kazi ya Marete isimame?" Sisi: "Ejok!" "Haya maneno mapya yawe mazuri?" "Ejok!"

Kinoti alikuwa amesimama juu ya kiti na simu, anachukua video.

Kuketi tu, Marete akashika kipaza sauti: "Wanachama, mmejionea wenyewe. Mapendekezo yote yamepita kwa kauli moja, mikono juu, na ushahidi tunao. Karibuni chakula." Nikatafuta sanduku. Hakukuwa na sanduku. Kulikuwa na sufuria za pilau.

Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Marete akacheka kidogo, kile kicheko chake cha dukani, akasema, "Lakini Mama, video inaonyesha mkono wako uko juu kuliko wa kila mtu."

Na ni kweli. Hapo ndipo wamenikata. Mimi ndiye niliitikia kwa sauti kubwa.

Nakolong

*

Kipsing
15 Machi 2025

Nakolong,

Uliitikia? Wewe, uliyeandika "kidole pia ni mtu"? Nilikuambia chochote watakachosema, dai sanduku!

Jana niliiandika sentensi hiyo ya juu nikaenda kulala, na asubuhi nimeona aibu, lakini siifuti. Uone nilivyowaza kwanza. Halafu nikamkumbuka babu yangu kule Kianjai. Wazee wakibariki, nani angethubutu kufunga mdomo? Mtu akinyamaza kwenye baraka anaulizwa ana chuki gani na watoto wa wenzake. Marete alijua hivyo. Yeye ni Mmeru kama mimi, amekaa na nyinyi miaka yote, amekula kwenu, anajua hakuna Mturkana atakayekaa kimya mzee akiombea maji. Alichukua kitu ambacho hamwezi kukikataa akakiita kura. Huyo si mwenyekiti, ni mwizi, na ameiba kitu kikubwa kuliko pampu.

Nenda kwa Mzee Lochoro. Mwambie sauti yake imetumiwa kufanya nini. Sidhani anajua.

Na kumbuka: shirika la mkopo halitatoa pesa kwa video. Lazima waje kuwaona wanachama ana kwa ana. Nimewaandikia kuwaambia nilichofuta, lakini mimi siishi Chechelesi. Nyinyi ndio mtakaokuwa pale.

Karwitha

*

Chechelesi
7 Aprili 2025

Mwalimu wangu,

Habari yako, habari ya nyumba, habari ya usingizi? Leo nakusalimu mpaka ushibe.

Nilienda kwa Mzee Lochoro kama ulivyosema. Nilimweleza. Akauliza, "Baraka yangu wameihesabu?" Nikasema ndiyo, Mzee, wameihesabu. Akasema Marete alimnong'oneza tu, "Ombea na kazi yetu, Mzee, na maneno mapya." Mtu ataombwa aombee kazi, akatae? Sijawahi kuona mzee amekasirika hivyo. Akasema, "Basi wasinisikie tena. Na mtu asiitikie kitu mpaka hii irudishwe."

Hiyo maneno ilitembea. Ilipita kwa wachoma makaa, ikapita kwa Bisharo, ikafika mpaka kwa Wameru wa soko na Waborana wa juu, na watu wa makanisa. Sikuibeba mimi, ilijibeba.

Jumamosi watu wa shirika wakaja, mwanamke mmoja na kijana wa kompyuta. Marete amevaa suti. Safari hii hakumwita Mzee Lochoro, aliogopa. Akamwita Pasta Mutea afungue kwa maombi. Pasta akaomba vizuri sana, akaombea wageni, barabara, pampu, viongozi. Akamaliza: "Na watu wote waseme..."

Kimya.

Mwalimu, umewahi kusikia kimya cha watu mia moja? Hata mtoto hakulia. Pasta akafungua jicho moja. "Na watu wote waseme..." Kimya. Mimi nilishikilia mkono wa Bisharo, na Bisharo ni Mwislamu lakini naye alibana mdomo kama anayemeza mfupa. Mara ya tatu pasta akasema polepole, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya watu: "Na watu wote waseme..."

"Amina!"

Mtu mmoja. Ekiru, shemeji yangu, pale mbele na viatu vyake. Watu wote wakageuka kumwangalia. Aliona haya akainama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Yule mwanamke wa shirika akamuuliza Marete kama kuna tatizo. Marete akasema hapana, watu wamechoka na jua. Hapo nikasimama. Sikupanga, miguu ilisimama yenyewe. Nikasema, "Hakuna aliyechoka, madam. Ni vile hapa Chechelesi Amina imekuwa kura. Tuliitikia baraka ya mzee, tukaambiwa tumepitisha katiba ya kututoa kwa kisima chetu. Sasa mpaka tuletewe sanduku, tutamwomba Mungu kila mtu nyumbani kwake, kimya kimya."

Mwanamke akafunga faili. Akasema hakuna mkopo bila kura ya siri, na maswali mawili. Barua yako alikuwa nayo kwa mkoba.

Marete alinipita bila kuniangalia. Mimi nilimwangalia mpaka akaingia kwa gari.

Wako,
Nakolong

*

KIKUNDI CHA MAJI JASHO LETU
Chechelesi, Isiolo
29 Aprili 2025

Bi. Margaret Nakolong,

YAHUSU: MATOKEO YA KURA YA SIRI

Unafahamishwa ya kwamba kufuatia kura iliyopigwa kwa sanduku, matokeo ni kama yafuatayo. Swali la kwanza, kuhusu mkopo wa pampu na tangi, limekubaliwa. Swali la pili, kuhusu Ibara ya Nne, halikufikisha theluthi mbili. Kwa hivyo Ibara hiyo inabaki ilivyokuwa, na uanachama wako pamoja na wa wapangaji wengine unaendelea.

Kamati inasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza.

J. Marete
Mwenyekiti

*

Chechelesi
2 Mei 2025

Kwa Shemeji Ekiru,

Usumbufu "uliojitokeza," ameniandikia Marete. Eti ulitoka wenyewe kwa udongo! Sikiliza, wewe nitakuandikia vizuri zaidi, kwa sababu wewe si mtu wa mbali, wewe ni ndugu ya mume wangu na ulikula kwa mkono wangu.

Ulisema Amina peke yako. Nilisikia. Ulikuwa unangoja kisima kikufuate vile nyumba ilikufuata. Kisima kimekataa, watu wamepiga kura, mimi ni mwanachama na wewe ukitaka utaanza kuchangia ada kama mtu mwingine. Hakuna atakayekufukuza. Sisi hatufukuzi watu.

Lakini hii mambo ya katiba imenifungua macho, Ekiru. Miezi yote hii nilikuwa napigana na neno "mwenye ploti," nasema mwenye ploti asiwe ndiye mtu peke yake. Sikujiuliza hata siku moja: na wewe ulikuwa mwenye ploti kwa kura ya nani? Mlikuja watatu na karatasi. Mliniuliza swali moja, kama nitaondoka kwa amani ama kwa vita. Nilikuwa nimenyoa nywele, nikachagua amani, mkasema nimekubali. Kumbe hata mimi nilipitishwa.

Mzee Lochoro ameniambia hakuna mila ya Turkana inayomtoa mjane na sufuria kabla nywele hazijaota. Nimemuuliza mara mbili ili asije akasema nilimnong'oneza.

Jumanne nilienda kwa chifu kuomba barua ya mirathi, nipeleke kortini. Nilikaa kwa ile benchi tangu asubuhi, nikaingia. Chifu akashika kalamu akaniuliza, marehemu Lokaale aliacha nani.

Nikamwambia, aliniacha mimi.

Ameandika.

Margaret Nakolong
Mke wa Lokaale